Baba Yako Alikimbia Lukaya

Bukoba

Mwanangu,

Fedha za simenti zimefika. Mama yako ameanza kula, ila usiku bado hapati usingizi. Migomba ya nyuma ya nyumba ilipigwa na upepo, tumeiwekea miti ya kuegemea. Hayo yatosha.

Nakuandikia kwa sababu ya ule wasifu. Juzi mdogo wako alinisomea kwenye simu yake maneno uliyowatumia ndugu, yatakayosomwa siku ya kuweka msalaba kaburini kwa baba yako. Alipofika penye neno "Kapteni" nikamwambia arudie. Akarudia. Akaendelea kusoma kwamba baba yako aliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 akiwa mstari wa mbele, na kwamba vita nzima hakurudi nyuma hata hatua moja. Nikamwambia azime simu.

Mwanangu, baba yako alikimbia Lukaya.

Si siri ninayokufichulia. Alilisema mwenyewe mbele yangu, mbele ya mama yako, na kila mwaka mbele ya darasa la saba. Wewe ulisomea bweni mbali, labda ndiyo maana hukumsikia. Au ulisikia ukaona haya, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Vita ilipoanza hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu ng'ambo ya Mto Kagera, kapitia mafunzo ya mgambo kijijini kama vijana wenzake. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin walipovuka mpaka, tulimshika mama yetu mkono tukakimbilia upande huu. Yeye alikuwa na daftari la mahudhurio kwapani. Nilimgombeza njia nzima: debe la unga ameliacha, amebeba makaratasi! Siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, na waliochelewa walibaki kule kule. Mama alipopata pa kulala kwa jamaa zetu, kaka yangu akaenda kujiandikisha. Walimpokea askari wa kawaida, akarudi askari wa kawaida. Huo ukapteni umeutoa wapi?

Januari Mutukula ilichukuliwa na jeshi letu, na mwishoni mwa Februari waliingia Masaka, ndani ya Uganda. Habari za Masaka alizieleza kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumba za watu zilibomolewa kule kulipiza yaliyofanywa kwetu, naye alikuwapo. Kisha ikaja Lukaya. Barabara pale inakatiza kinamasi, maji na mafunjo kulia na kushoto. Alikuwa Brigedi ya 201, ambayo askari wake wengi walikuwa mgambo wasiowahi kupigana. Jioni ya tarehe 10 Machi roketi za Walibya waliokuwa upande wa Amin zikaanza kuwaangukia, na safu ikavunjika. "Dada," aliniambia, "sikuamua kukimbia. Nilijikuta nimo majini." Alikaa kwenye mafunjo, maji kifuani, usiku kucha, akisikia watu wakipita karibu yake asijue kama ni wetu au ni wao. Bunduki aliinyanyua juu ya kichwa hadi mikono ikafa ganzi. Hiyo hakuiacha, na hilo alipenda lijulikane, liandike. Kulipokucha wakakusanywa, wakarudi barabarani, na Brigedi ya 208 ilipowazunguka adui ndipo Lukaya ikawa yetu. Kampala ilipoanguka mwezi uliofuata, baba yako alikuwa amelala Masaka na malaria. Kampala aliiona miaka mingi baadaye, alipokwenda kwa basi kwenye harusi ya shemeji yake.

Nilimuuliza mara moja kwa nini awaambie watoto jambo kama lile. Akanijibu kwamba aliingia kwenye mafunjo pamoja na kijana waliyekuwa wakilala handaki moja, na asubuhi alitoka peke yake. "Nikisema hatukukimbia," akasema, "huyu nitasema alikufa wapi?"

Sasa nisomee tena ile sentensi yako ya hatua moja, kisha uniambie kijana yule umemweka wapi.

Umesema kwenye simu kwamba mgeni rasmi anakuja na mambo ya kawaida hayapendezi. Baba yako alikuwa na watu wakubwa kuliko mgeni rasmi. Shule ilipofunguliwa tena baada ya vita, alichukua lile daftari la Oktoba 1978 akaita majina kama alivyoyaacha. Majina sita hayakuitikiwa. Alisubiri kila jina, akaandika hayupo, na kesho yake akaita tena, kwani wengine walichukuliwa wakapelekwa Uganda na huenda wangerudi. Wawili walirudi. Wengine aliendelea kuwaita hadi mwaka ukaisha, ingawa walimu wenzake walimwambia anawaumiza wazazi.

Na mkono ule haukujua kuandika yupo kwa mtoto ambaye hayupo. Miaka ile ya elimu kwa wote kila mtu alitaka hesabu inayopendeza. Mkubwa mmoja wa elimu alimtaka ajaze mahudhurio ya watoto waliokuwa machungani. Akakataa, na kabla ya likizo kwisha akahamishiwa shule isiyo na paa wala nyumba ya mwalimu. Mama yako alijifungulia kule, mvua ikimvujia, na mtoto aliyezaliwa ni wewe. Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii, na sijamsamehe mtu yule. Baba yako alimsamehe. Akaezeka paa pamoja na wazazi, akaanzisha kisomo cha watu wazima jioni, akafundisha hadi akastaafu. Katika wasifu wako miaka hiyo yote umeipa mstari mmoja: "pia aliwahi kuwa mwalimu." Pia!

Deni la mabati ulimalize kabla ya wageni kufika. Viti vya mbele wapewe wanafunzi wake wa zamani, na yule mzee fundi cherehani aliyejifunza kusoma kwake uzeeni asikose kiti. Pombe ianze baada ya ibada, na wewe uguse baada ya wote. Mdogo wako usimkaripie, nilimlazimisha mimi kusoma.

Uliomba medali uiweke mezani siku hiyo. Imo sandukuni, imeviringishwa ndani ya daftari lile, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga yangu. Sitautoa kwa mtu uliyemtuma. Njoo mwenyewe, siku mbili kabla ya wageni, na kalamu. Tutakaa barazani, nitakusimulia polepole, nawe utaandika upya kuanzia pale majini. Majina manne yamebaki daftarini bila alama ya kurudi. Hayo nataka yasomwe kwa sauti, na uyasome wewe.

Shangazi yako