Matangazo ya Mwenyekiti

Mtaani kwetu Malukhu, mjini Mbale, habari huanza kwa kelele. Kipaza sauti hukwaruza, hupiga mluzi unaowaudhi mbwa, kisha Mwenyekiti hukohoa mara mbili. Hapo mama anayekaanga mandazi kando ya njia hupunguza moto, na watoto huambiwa wanyamaze. Kikohozi hicho sote tunakijua. Hata mgeni aliyehamia juzi anajua kwamba baada yake kuna jambo.

"Mulembe," husema kwanza, kwa salamu ya Kimasaaba, halafu huingia moja kwa moja. Maji yatakatika kesho tangu asubuhi, jazeni madumu. Gari la taka halitakuja wiki hii, msimwage taka mtaroni. Mbuzi mweusi amepotea akiwa na kamba shingoni. Mtoto wa kike wa miaka minne hivi amepatikana karibu na soko, anajua jina la dada yake tu. Mwaka 2024, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa imbalu, aliongeza kila jioni kwamba wapiga ngoma za kadodi wasizibe njia, kwani kuna wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Wacheza ngoma walimwitikia kwa kelele za furaha na wakaendelea kuziba njia.

Huyu ni mwenyekiti wa LC ya kwanza, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini Uganda. Ngazi hizo zinapanda hadi LC ya tano, ya wilaya. Mwaka 1986 ziliitwa mabaraza ya upinzani, RC, na jina la sasa likaja na Katiba ya 1995. Yeye alichaguliwa tarehe 10 Julai 2018, siku ambayo nchi nzima ilichagua wenyeviti wa vijiji kwa mara ya kwanza tangu 2001. Miaka 17 ilikuwa imepita. Hakukuwa na karatasi wala sanduku la kura. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikatazama nikiwa juu ya ukuta. Niliona mtu akitoka katika mstari mmoja na kuingia katika mwingine baada ya kukonyezwa na mkewe.

Malipo ya kazi hii ni shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Karibu na uchaguzi wa 2011 serikali ilikuwa imeagiza baiskeli 70,000 kwa ajili ya wenyeviti nchini kote. Fedha zililipwa, baiskeli hazikuja, na Mwenyekiti wetu hupenda kusema kwamba yeye bado anaisubiri yake ingawa wakati ule hakuwa na cheo chochote. Anachopata zaidi ni ada ndogo ya mhuri. Ukitaka kitambulisho cha taifa au akaunti ya benki, utaombwa barua ya LC, na mhuri uko katika mfuko wa shati lake, umefungwa ndani ya kitambaa ili wino usichafue. Betri za kipaza sauti ananunua mwenyewe. Najua kwa sababu mara mbili alinituma dukani.

Wapo wanaouliza kwa nini asitumie simu tu kama watu wengine. Waulizao hivyo wengi walihamia baada ya mafuriko. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31 Julai 2022, baada ya mvua kubwa milimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake na kuingia mjini. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mabomba makubwa ya maji yalivunjika, na sehemu kubwa ya mji ikakaa bila maji ya mfereji huku matope yakiwa hadi madirishani. Simu nyingi zilikuwa zimelowa au zimezimika. Asubuhi ile Mwenyekiti alipita akiwa na kaptura na buti za mpira, akisema maneno yale yale mpaka sauti ikamkauka: chemsheni maji, msiguse nyaya za umeme, nani hajaonekana nyumbani kwake? Alitangaza mavazi ya waliokuwa wakitafutwa. Sweta ya kijani. Gauni lenye maua. Tangu siku hiyo sijawahi kumcheka mtu wa kipaza sauti, hata yule anayeuza dawa ya panya.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia katika kazi hii. Malukhu si kijiji cha kabila moja. Kuna Wamasaaba, Wagwere, Wateso, Wakaramoja, Wanubi, na Wakenya waliovuka mpaka kwa biashara wakasahau kurudi. Mwenyekiti anasema Kimasaaba na Kiganda. Kiswahili chake ni cha kuulizia bei. Niliporudi likizo mwaka 2024, akasikia kwamba chuoni nasoma Kiswahili, alikuja nyumbani jioni ile ile. Hakukaa. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo lugha ya vitabuni, inaweza kutangaza takataka?"

Nilimjibu kwamba inaweza. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha. Kiswahili kwetu Uganda kina historia ngumu. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi bado wanakisikia kama amri ya mwanajeshi aliyesimama mlangoni. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini katika ofisi za mji wetu sijaona barua hata moja iliyoandikwa kwa Kiswahili. Nami nilikuwa nimepewa mtaa mzima niuzungumzishe. Tuligawana kazi. Yeye alipita sehemu ya juu kwa lugha zake mbili, kisha akanipa kipaza sauti nami nikashuka upande wa chini, kuelekea kijito, walikokaa wengi wasiojua Kimasaaba.

Kosa langu la kwanza lilichekesha. Barua iliyotoka ofisini ilihusu ule mpango wa serikali wa mikopo, ambao Rais aliuzindua Kibuku mwezi Februari 2022, unaozipa kaya shilingi milioni moja kupitia chama cha akiba cha kila "parish". Nilifungua kamusi, nikaona parokia. Nikatangaza kwa sauti nzuri kabisa kwamba wanaotaka mkopo wajiandikishe katika chama cha akiba cha parokia. Kesho yake kina mama wawili wa Kiislamu walinisimamisha kuuliza kama lazima wabatizwe kwanza. Mprotestanti mmoja alikuwa amekasirika kweli. Mwenyekiti alicheka hadi akashika mti. "Sema muluka," aliniambia. "Hapa kila mtu anajua muluka." Neno lenyewe ni la Kiganda na halimo katika kamusi niliyokuwa nayo, lakini nililisema, na hakuna aliyeuliza tena.

Kosa la pili halikuchekesha.

Mwaka 2024 serikali iliwapa wazee waliotimiza miaka 80 ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwetu fedha hizo zilikuja kwa pamoja baada ya miezi kadhaa. Safari hii ilikuwa miezi mitatu, yaani shilingi 75,000. Mzee lazima aende mwenyewe na kitambulisho chake. Barua ya kutangaza siku ya malipo ilikuja kwa Kiingereza, na saa iliandikwa kwa tarakimu: 9:00 hadi 1:00, pasipo neno la asubuhi wala mchana. Nilikuwa nimechelewa. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kupita upande wa juu na ananiita. Nikaitazama ile tisa, nikashuka, nikatangaza: wazee wote wanaopokea fedha, kesho, kuanzia saa tisa.

Nilikuwa nimefaulu vizuri sana mtihani ambao ndani yake mlikuwa na swali la kusoma saa. Nayasema haya kwa sababu yaliniuma zaidi ya yote. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kimasaaba na Kiganda huhesabu vivyo hivyo. Kila mtoto wa Malukhu anajua kwamba tisa ya Mzungu ni saa tatu yetu. Mimi peke yangu, niliyesomea jambo hilo, nilisoma tarakimu kama ilivyokuwa.

Wazee wa upande wa juu walimsikia Mwenyekiti, wakaenda saa tatu. Wa upande wa chini, wawili waliwahi kwa sababu wajukuu wao walisikia habari sokoni. Aliyebaki ni mmoja, bibi tunayemwita Bibi wa Reli. Ni Mteso. Marehemu mumewe alifanya kazi katika reli, wakahamishwa kituo baada ya kituo, na lugha ya nyumba yao ikawa Kiswahili cha reli, kilichonyooka na chenye amri nyingi. Kimasaaba hakukijua vizuri hata baada ya miaka yote hiyo. Alikuwa amefurahi niliposhuka na kipaza sauti mara ya kwanza. Alinipigia makofi akiwa ameketi mkekani.

Saa nane siku ile alivaa gauni lake la kanisani, akakodi bodaboda kwa deni, akaenda. Alikuta viti vinapakiwa. Walipaji walikuwa wameondoka tangu saa saba, na mlinzi alimwambia arudi awamu ijayo. Fedha hazikupotea, zingeunganishwa na za baadaye. Lakini mtu wa miaka 83 aliyekopa sukari, mafuta ya taa na dawa za presha akitazamia siku hiyo, ukimwambia "awamu ijayo" umemwambia nini? Alirudi kwa miguu kwa sababu hakuwa na cha kumlipa wa bodaboda. Nilimwona akipita mlangoni kwetu, viatu mkononi. Nilidhani ametoka kuchukua fedha zake, nikamsalimu kwa furaha. Akanijibu "salama, mwanangu" na kuendelea.

Jioni Mwenyekiti alikuja. Alikuwa ameambiwa. Aliniuliza nilitangaza saa ngapi, nikamwambia, na nilipokuwa bado nalitamka nikasikia kosa lenyewe. Nilingoja anigombeze. Alitazama chini kidogo, akachukua kipaza sauti chake kilichokuwa kwetu tangu jana, akatoka. Nilisikia mluzi, kikohozi mara mbili, na kisha, kwa Kiswahili chake cha kuulizia bei, akisema: tangazo la jana lilikuwa baya, saa haikuwa ile, kosa langu mimi chairman, wazee mnisamehe. Alirudia kila baada ya nyumba kumi. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, dirisha wazi. Ningeweza kutoka. Umbali ulikuwa hatua thelathini tu.

Sikutoka siku ile. Nimejaribu mara nyingi kujieleza sababu, na kila sababu ni ya kitoto. Niliona aibu kwamba msomi wa Kiswahili ameshindwa na saa. Niliogopa wataniondolea kipaza sauti. Nilijiambia kwamba yeye ndiye kiongozi na uongozi ndio huo, kubeba. Lakini upande wote wa chini ulijua ni sauti ya nani iliyosema saa tisa, na Bibi wa Reli alijua kuliko wote.

Nilikwenda kwake siku ya tatu. Nilikuwa na sukari kilo mbili na nauli ya yule wa bodaboda, ambayo nilikuwa nimekwisha kumlipa. Nilipiga magoti, nikamwambia ni mimi. Akasema anajua. Akaniuliza kama huko chuoni wanatufundisha na Kiswahili cha reli, maana katika reli, alisema, ukikosea saa watu wanakufa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbuka jambo la zamani, kisha akanituma nichote maji.

Mwenyekiti hakuninyang'anya kazi. Aliweka sharti moja tu: kabla ya kushuka, nimsomee tangazo zima yeye kwanza, polepole, na kila saa niitaje pamoja na mahali lilipo jua. Kwa hiyo nilitangaza chanjo "saa nne, jua likiwa limepanda", na mkutano wa usalama "saa kumi na moja, kabla halijazama". Watu walizoea. Kuna watoto wanaoniiga.

Awamu iliyofuata ilinikuta nyumbani, likizo ya mwisho wa mwaka. Nilitangaza, kisha nikashuka bila kipaza sauti hadi kwa Bibi wa Reli kumwambia uso kwa uso.

"Saa tatu asubuhi, Bibi."

"Saa tatu ya nani?" akauliza.

"Yetu."

Nilimchukua saa mbili na nusu. Alikuwa amekwisha kuvaa, kitambulisho kikiwa kwenye kifuko shingoni. Tulikuwa wa kwanza kufika, tukaketi chini ya mti pamoja na wazee wengine waliokuja mmoja mmoja. Gari la walipaji liliingia saa tano kasorobo.