Kutoka Mbarara hadi Nakivale: Tairi Husomwa Kabla ya Kununuliwa

Atokaye mjini Mbarara kwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, huiacha lami na kushika njia ya udongo na changarawe: kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi. Gari kubwa la familia, lililojaa watoto na mikungu ya ndizi, huyaelemea matairi yake.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa bado dukani mjini, usidanganywe na weusi wa mpira. Tafuta ubavuni herufi DOT, usome tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri ilhali mpira umekwisha kukauka. Hilo hupasuka ghafla. Tazama pia kipimo cha uzito: 113 ni kilo 1,150 kwa kila tairi. Chagua lifaalo lami na changarawe pamoja, ujaze upepo kama ilivyoandikwa mlangoni pa dereva.

Tairi la akiba nalo likaguliwe vivyo hivyo. Pancha ikitokea porini, hilo ndilo litakalowafikisha watoto nyumbani.