Tulikosa Shaba Lubumbashi

Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini iliyolea sehemu kubwa ya Lubumbashi, ilianza kuwaondoa wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, fedha zikitoka Benki ya Dunia. Hiari gani, sijui. Watu walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na mwenye njaa hutia sahihi. Baba alitia. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye matanuri ya kuyeyusha shaba, chini ya lile bomba refu la moshi linaloonekana mji mzima. Kazi ilipokwenda ilikwenda na hospitali ya kampuni, shule ya kampuni na mgao wa unga. Pesa aliyopewa ililipa madeni. Tukabaki na Coccinelle ya Volkswagen ya mwaka 1971, aliyoinunua zamani kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka huohuo wa 2003, tarehe 30 Julai, kiwanda cha Puebla, Mexico, kilitoa Coccinelle ya mwisho duniani ya muundo huo wa zamani. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi.

Mama aliuza unga wa mahindi katika soko la Kenya (Kenya ya kwetu, ile komuni, si nchi). Presha ilipomlaza baba, mimi nikashika usukani. Magunia yalijaa kiti cha nyuma, mengine yakaingia kwenye boneti ya mbele, maana injini ya gari hili iko nyuma. Bukari ya nyumbani na ada ya wadogo zangu, vyote vilitoka humo.

Kisha gari likaanza tabia mbaya. Alfajiri linawaka bila shida, hata ile baridi ya Juni na Julai. Likishapata moto, ukilizima sokoni kupakua mizigo, halirudi. Unageuza ufunguo, unasikia "tak" moja, basi. Ukisubiri lipoe linaamka. Ama uwaite vijana walisukume, nao hawasukumi bure.

Fundi wa kwanza alisema betri. Tukanunua betri. Wa pili akasema demarere, ile mota inayozungusha injini. Tukatafuta ya mtumba. Wa tatu akataka bobini, ile koili inayozipa bujie (plagi) moto. Kila mmoja alikuwa na uhakika, na kila mmoja alilipwa kabla ya gari kuthibitisha maneno yake. Ada ya mdogo wangu iliishia garajini, akafukuzwa shule. Shangazi akasema motokari imelogwa na wenye wivu, tukafunga na kuomba. Simdharau aliyeomba, nami niliomba. Lakini nasema wazi, mwaka ule nilikuwa karibu kumchukia jirani kwa sababu ya "tak" moja.

Aliyetutoa hapo alikuwa muzee wa Katuba, fundi umeme wa zamani wa kampuni, naye ameondoka kwa hiari hiyohiyo. Hakugusa spana. Aliuliza tu.

"Likisukumwa linawaka?"

"Linawaka, Papa. Mara moja."

"Basi bujie zinapata moto na petroli inafika. Bobini mulinunua ya nini?"

Akaniambia niwashe taa kubwa, nigeuze ufunguo. Taa zilibaki kali vilevile. Betri ingekuwa imechoka, akasema, zingefifia. Kwa hiyo umeme upo, ila njia yake imeziba mahali. Akatoa voltimita yake iliyofungwa kwa gundi, ncha moja akaiweka kwenye nguzo hasi ya betri, chini ya kiti cha nyuma, nyingine kwenye chuma kitupu cha sanduku la gia. Nikageuza ufunguo tena. Njia ikiwa safi, mshale hautakiwi kupita nusu volti. Wa kwetu ulipanda ukavuka volti tano.

Hapo ndipo nilipofahamu umeme. Hautoki betri kwenda demarere tu, lazima urudi. Injini na sanduku la gia la Coccinelle vimekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo njia ya kurudi ni utepe wa nyuzi za shaba zilizosukwa, umefungwa puani mwa sanduku la gia kwenda kwenye bodi. Mafundi wanauita masi. Wa kwetu ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, umeshikwa na nyuzi chache. Asubuhi zilitosha kwa shida. Vyuma vikipata moto vinapitisha umeme kwa ugumu zaidi, na demarere yenyewe inadai zaidi. Muzee akanionyesha pia kebo ya pedali ya mafuta iliyoungua: umeme ulipokosa njia yake ulipitia humo. Pedali ilikuwa nzito kwa miezi, na hakuna fundi aliyeuliza kwa nini.

Baba alitolewa nje kwenye kiti kuangalia. Alipouona ule utepe alicheka mpaka akakohoa. Mtu aliyemwaga shaba ya Katanga iende Ulaya, gari lake limelala kwa kukosa shaba ya urefu wa mkono! Tulikata kipande cha kebo nene ya kuchomelea vyuma, tukakwangua kutu na rangi pande zote mbili, tukakaza boliti. Likawaka likiwa na moto, pale pale.

Joto la Oktoba liliturudishia "tak" mara mojamoja. Kwenye gari hili waya wa ufunguo unatoka nyuma, unakwenda hadi dashibodi, unarudi nyuma tena kuiamsha demarere, na kwa uzee unapoteza nguvu njiani. Muzee akafunga rele karibu na demarere, ufunguo ukabaki kuiamuru rele tu. Hakutaka pesa. Mama alimpelekea unga.

Baba amefariki, gari bado lipo. Wewe mwenye gari la zamani linalowaka kwa kusukumwa tu, usinunue kitu leo. Washa taa kubwa, geuza ufunguo, kisha ingia chini ukaangalie masi. Na fundi akikuambia "badilisha" kabla ya kupima, mwambie akuonyeshe mshale.