Joginder Singh Hakuwa Kichaa, Alikuwa Fundi

Kila msimu wa Safari Rally simu yangu hujaa klipu. Gari imelala upande kwenye kona, vumbi limepanda hadi juu, wasee wamesimama hatua mbili kutoka kwa tairi wakipiga nduru. Chini ya kila klipu maoni ni yaleyale: "Huyu msee hana woga." Rali ikishaondoka Naivasha, klipu zinabadilika. Sasa ni Subaru ya mtu wa kawaida, kwenye barabara ya kawaida, saa nane usiku. Maoni bado ni yaleyale.

Leo nataka tuongee kuhusu huo woga, na nitamtumia mtu mmoja ambaye wazee wetu walimpa jina Simba. Anaitwa Joginder Singh. Kama uko na miaka ishirini na kitu kama mimi, pengine umesikia jina tu, ama hujasikia kabisa. Muulize mzee yeyote aliyekuwa mtoto miaka ya sitini au sabini, uone vile uso utabadilika.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Baba yake alikuwa ametoka Punjab, na alikuwa fundi. Gereji ya mzee ndiyo ilimlea. Alianza pale chini kabisa, kijana wa kupitisha spana, yule anayetumwa "leta namba kumi na tatu" na akileta kumi na mbili anakemewa. Hakuna mtu aliyemkalisha nyuma ya usukani akiwa mdogo na kumwambia atakuwa nyota. Alikuwa amefika miaka ya ishirini na kitu ndipo akaanza mambo ya rali, umri ambao siku hizi madereva wengi wakubwa washakuwa na vikombe kwenye kabati.

Kabla ya hapo alifanya kazi moja ambayo mimi naona ndiyo siri ya kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya hamsini aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mtu wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani akisaidia waliokwama. Injini imechemka, wewe ndiye unaitwa. Springi imevunjika mbali na kila kitu, wewe ndiye unaitwa.

Hebu fikiria hiyo elimu. Siku baada ya siku unaona jinsi gari za watu zinavyokufa. Unajua ni shimo la aina gani linavunja springi, na ni mto wa kina gani unaingiza maji kwenye injini. Unaanza kusikia sauti ya gari ambayo bado inatembea lakini haitafika. Dereva wengi walijua kukimbiza gari. Joginder alijua pia inapokufia, na kwa nini.

Sasa nieleze Safari yenyewe ilikuwa nini, maana tukisema rali leo tunafikiria Naivasha, Hell's Gate, na sehemu fupi zilizofungwa ili dereva apite peke yake. Ile ya zamani ilikuwa mnyama mwingine. Ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka mingi ilifanywa wakati wa Pasaka. Pasaka Kenya ni nini? Ni masika. Barabara ya vumbi ya asubuhi inakuwa uji jioni. Na barabara hazikufungwa, manze. Unakuja kwa kasi yote, halafu mbele yako kuna lori, mama na ng'ombe wake, basi la abiria, ama twiga ambaye hajasoma ratiba. Maelfu ya kilomita namna hiyo, mchana na usiku.

Hesabu yake pia ilikuwa ya kikatili. Kila kituo kilikuwa na muda wake uliowekwa. Ukichelewa dakika, unapigwa alama ya adhabu, na mwenye adhabu chache mwishoni ndiye mshindi. Muda wenyewe ulikuwa umebanwa sana, na kila mtu alichelewa mahali fulani. Kwa hivyo dakika ishirini za kuvuta gari kutoka kwa matope zilikuwa na uzito uleule wa dakika ishirini za kukimbia kama mshale. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza. Saba ndiyo yalimaliza. Joginder alikuwa kwenye mojawapo ya yale saba.

Halafu ikaja 1965, na hapa ndipo hadithi inakuwa tamu. Joginder na ndugu yake Jaswant, aliyekuwa navigeta wake, wanaingia na Volvo PV544. Kama huijui hiyo gari, itafute picha. Ina mgongo wa mviringo kama kobe. Umbo lake lilitoka miaka ya arobaini, na mwaka huohuo wa 1965 ndio Volvo waliacha kuitengeneza. Na hata haikuwa mpya! Ilikuwa gari iliyotumika na timu ya kiwanda kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Wenyewe walienda, gari ikabaki.

Wakapata namba moja ya kuanza. Watu husema namba moja ni bahati kwa sababu huli vumbi la mtu. Ni kweli. Lakini pia wewe ndiye wa kwanza kufika kwa kila mto na kila tope, na hakuna alama ya tairi mbele yako ya kukuonyesha mwenzako alipita wapi. Joginder na Jaswant walitoka wa kwanza na wakarudi wa kwanza. Pengo kati yao na waliofuata lilikuwa kama dakika mia moja. Saa moja na dakika arobaini, buda. Ukifika na hilo pengo unaweza kuoga, ule, na urudi kuwapigia makofi.

Dereva wa asili ya Kihindi alikuwa ameshinda Safari. Kenya ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna aina nyingine ya ujasiri ambayo haionekani kwenye klipu. Miaka michache baadaye, 1967 na 1968, hali iligeuka kwa Wahindi wa Kenya. Sheria mpya za vibali vya kazi na leseni za biashara ziliwabana wale ambao hawakuwa raia, na wengi wakafunga virago kwenda Uingereza. Uingereza nayo, mwaka wa 1968, ikatunga sheria ya kuwafungia mlango. Watu waliozaliwa Nairobi, Kisumu na Mombasa wakawa wanaulizwa kila upande: nyinyi ni wa nani?

Na katikati ya maswali hayo, kila Pasaka, watu wanasimama kando ya barabara kumngoja Singa mwenye kilemba wakiita "Simba! Simba!" Wazungu walimpa jina lao, Singa anayepaa. Lakini Simba lilitoka kwa watu wetu. Jina Singh lenyewe maana yake ni simba, kwa hivyo raia walimwita kwa jina lake, ila kwa Kiswahili. Serikali ilikuja kutambua Wakenya wa asili ya Asia kama jamii ya 44 ya nchi mwaka wa 2017. Watu wa kando ya barabara walikuwa wamemaliza hiyo kazi miaka hamsini kabla, angalau kwa mtu mmoja. Sisemi rali ilimaliza ubaguzi, tusidanganyane. Kushangilia mtu Jumapili na kumchukia jirani yake Jumatatu ni kitu tunaweza vizuri sana. Lakini bado nafikiria kuhusu mtu anayeendesha gari usiku kupitia vijiji vya nchi ambayo haijaamua kama yeye ni wake, akijua gari ikizama ni watu wa hicho kijiji watakaoisukuma.

Baada ya Volvo, ilimchukua miaka tisa kushinda tena. Tisa! Siku hizi video mbili zikikosa watazamaji tunatangaza tumechoka. Yeye aliendelea kuingia na kumaliza. Mwaka wa 1974 akaja na Mitsubishi Lancer ya 1600, gari ndogo, navigeta akiwa David Doig. Aliyekuwa akimsumbua ni Björn Waldegård wa Uswidi akiwa na Porsche 911, gari yenye nguvu zaidi kwa mbali. Waldegård aliongoza kwa muda mrefu, halafu gari ikamvunjikia upande wa chini, mambo ya springi na mikono yake. Joginder akapita. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi kwenye mashindano ya dunia. Mwaka wa 1976 akarudia, gari ileile, navigeta yuleyule, na Lancer zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alikuwa na miaka 44.

Sasa ukiangalia hiyo 1974 haraka, utasema alibahatika, Porsche iliharibika. Ndiyo, iliharibika. Kwenye Safari gari kuharibika haikuwa ajali ya mchezo, ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe. Swali lilikuwa ni nani ataifikisha gari nyumbani ikiwa bado gari. Na hapa kuna namba ninayoipenda kuliko vile vikombe vitatu: Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kwenye rali ambayo kuna mwaka watu 84 walianza na saba wakamaliza.

Hiyo ndiyo tabia ya mtu tunayemwita hana woga. Alienda kasi, kasi ya kutisha, kwenye giza na matope. Lakini alijua kiasi gani gari inaweza kubeba, na hakuiomba zaidi isipokuwa pale ilipolazimu. Aliiogopa barabara vizuri, vile mvuvi anaiogopa bahari na bado anaingia kila alfajiri.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana tulimzika jamaa wa mtaa wetu. Alikuwa na miaka 23. Gari ilikuwa ya kuazima, usiku, barabara kuu, na kulikuwa na nyingine pembeni yake wanashindana. Sitaongeza mengi kwa heshima ya mama yake. Lakini nilisoma rambirambi kwenye mitandao, na kitu kilichoandikwa zaidi ni kwamba alikuwa "hana woga." Watu waliandika kama sifa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na sisi tuko kwa simu tunasifu kilichomuua mtoto wake.

Hapo ndipo nilianza kusoma kuhusu Joginder kwa makini, nikitaka kujua aliyestahili hiyo sifa aliishi vipi. Nikapata mtu wa spana. Nikapata mtu aliyefariki akiwa na miaka 81, huko London, mwaka wa 2013, baada ya kupita kila mahali pa kufia alipopita.

Najua pia kuna watu wataniambia, "Unaona, huyo hakwenda chuo kikuu na akawa jina kubwa." Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hizo hadithi hutumwa kwangu sana, kama dawa. Asanteni, lakini someni vizuri. Joginder alikuwa na shule ndefu kuliko digrii yoyote: miaka ya gereji ya baba, miaka ya doria barabarani, na miaka ya kuingia rali bila kushinda. Kama umeacha darasa, hadithi yake inakuuliza gereji yako iko wapi. Nani anakutuma spana? Nani anakukemea ukileta namba isiyo yake? Mimi hilo swali bado nalijibu kila wiki, na si rahisi.

Kwa hivyo rali ikirudi, nendeni Naivasha mkaone gari zikipaa. Nitakuwepo pia, nikila vumbi kama nyinyi. Simameni mbali na kona, tafadhali. Na ukiwa na mzee nyumbani, kabla hujaondoka muulize alimwona Simba akipita wapi na mwaka gani. Mrekodi akijibu. Hiyo klipu ndiyo mimi nataka kuona kwenye simu yangu mwaka huu.