Mke Kutoka Ng'ambo ya Mlima: Kazi Hupatikanaje Kitale na Bungoma?

Msafiri anayeingia Kitale kutoka Eldoret huanza kuona mahindi muda mrefu kabla ya kuuona mji. Wakati wa mvua mahindi hayo husimama pande zote mbili za barabara kama askari kwenye gwaride. Upande wa magharibi, wingu likiondoka, Mlima Elgon hujitokeza na kimo chake cha mita 4,321. Nyuma ya mlima huo ni Uganda. Na kutoka huko nyuma, mwaka baada ya mwaka, huja wake na waume waliooa au kuolewa upande huu wa Kenya.

Mpenzi msomaji, sisi wa mjini tukisikia kwamba fulani amehamia nchi za nje kumfuata mwenzake, mawazo yetu hukimbilia London, Chicago au Dubai. Tunasahau kwamba kuna watu wanaohamia nchi ya kigeni kwa matatu moja na kuvuka mto mmoja, na ambao huko waendako hukutana na swali lile lile la wenzao wa Ulaya: nimefika kwa mume, sasa nitafanya kazi gani?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kitale na Bungoma.

MPAKA ULIOHAMA

Kwanza tuielewe ardhi yenyewe. Hadi mwaka 1902, sehemu hii ya magharibi mwa Kenya ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ililihamisha jimbo hilo na kulitia chini ya utawala wa upande wa pili, uliokuja kuitwa Kenya. Watu hawakuhama. Mpaka ndio uliohama.

Kwa hiyo Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale walijikuta wako nchi mbili ilhali lugha zao zinasikilizana bila mkalimani. Ukisema "mulembe" Chwele utaitikiwa, na ukisema "mulembe" Mbale utaitikiwa vile vile. Pande zote mbili vijana hutahiriwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu ukifika jamaa huvuka mpaka kwenda kuwashangilia wapwa na binamu zao. Hali kadhalika, Wasabaot wa upande wa Kenya wana ndugu zao Wasebei huko Kapchorwa, ng'ambo ya Suam.

Mahali penye undugu wa namna hiyo, ndoa za kuvuka mpaka si ajabu. Hata biashara haikungoja mikataba. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupanda duniani kote, soko dogo la Chepkube, karibu na mpaka wa Bungoma, liligeuka kuwa mlango wa kahawa ya magendo kutoka Uganda. Wazee wa sehemu hizo wangali wakisimulia habari za siku hizo. Naam, watu hapa wamezoea kuvuka. Jambo gumu huanza mtu anapovuka ili akae.

KITALE: MJI WA MAHINDI

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukakua kuwa makao ya walowezi waliolima nafaka. Leo ndio makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia. Mgeni mwenye saa mbili za kupumzika atafaidika akizuru Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 yakiwa ya kwanza ya kitaifa kujengwa bara, nje ya Nairobi. Wanafunzi wakija huku likizoni wasiyapite.

Lakini anayetafuta kazi haendi makumbusho. Huenda kwenye mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, na mahindi chotara ya kwanza nchini, H611, yalitolewa mwaka 1964. Tangu hapo mji huu huishi kwa kalenda ya mahindi. Kuna kupanda wakati mvua za Machi na Aprili zinapoanza, kuna palizi, kuna kung'oa mbelewele katika mashamba ya mbegu, na mwishoni mwa mwaka kuna kuvuna, kupukuchua, kuanika na kupakia magunia.

Hizo ndizo kazi za kwanza anazopata mgeni, kwa sababu kibarua cha shamba hutaka mikono tu, wala mwenye shamba haulizi cheti. Ubaya wake ni kwamba msimu ukiisha na kazi imekwisha.

Nilizungumza na bwana mmoja aliyekuwa akiandika hesabu ya magunia katika ghala la mfanyabiashara. Alisomea ualimu Uganda na kufundisha huko kabla ya kumfuata mkewe, ambaye ni Mkenya na ana kazi yake ya kudumu hapa mjini. Wenyeji humtania kwamba "ameolewa". Yeye hucheka tu.

"Utani si kitu, bwana," aliniambia. "Kinachonisumbua ni chaki. Nikipita karibu na shule nikawasikia watoto wakiimba hesabu, mikono huniwasha."

Kinachomzuia ni sheria. Nchini Kenya hakuna anayeruhusiwa kufundisha shuleni kabla ya kuandikishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Aliyesomea nje hutakiwa kwanza vyeti vyake vilinganishwe na vya hapa, kisha awe na ruhusa ya kufanya kazi nchini. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, walimu wengi wa Uganda walikimbilia Kenya na kufundisha katika shule zetu za upili. Watu wazima wengi wa magharibi wanawakumbuka. Lakini siku hizo walimu walikuwa wachache mno. Leo tuna maelfu ya walimu wetu waliohitimu na hawajaajiriwa, na mgeni husimama nyuma yao kwenye foleni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mikataba ya nchi kutambuliana vyeti, lakini ilianza na wahasibu, wasanifu wa majengo na wahandisi. Mwalimu wa shule ya msingi hakuwa katika safu ya mbele.

BUNGOMA: SOKO NA CHEREHANI

Kutoka Kitale nilishuka kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichofungwa mwaka 2009 na kuacha mji mzima ukiwa umeshika tama, kabla ya kuchukuliwa na wenye mali wengine miaka kadhaa baadaye. Kutoka Webuye, barabara kuu ya kwenda Malaba hukufikisha Bungoma upesi.

Tofauti ya miji hii miwili huonekana mara moja. Kitale huishi kwa shamba kubwa, Bungoma kwa soko. Ndizi, vitunguu, kuku, maharagwe, mitumba na nguo za kushonwa hununuliwa na kuuzwa kila upande, na malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hunguruma barabarani usiku na mchana. Mpaka huu ulizaa hata neno ambalo sasa Afrika Mashariki nzima inalitumia. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria huko Busia waliita "boda, boda!", na jina likashika.

Karibu na Kanduyi nilimkuta mama mmoja ameinamia cherehani, akishona sare za shule. Aliolewa kutoka upande wa Mbale, na amekaa hapa miaka tisa. Alikuja na cheti cha ushonaji na matumaini mengi.

"Mwaka wa kwanza nilikaa nyumbani tu," alisema huku mguu wake ukiendelea kukanyaga. "Bwanangu alisema nipumzike kwanza. Kupumzika kukawa kuomba pesa ya chumvi. Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. Aliniingiza katika chama chao cha akina mama, wakanipa zamu ya mapema, nikanunua cherehani hii."

Wasomaji wangu, sikilizeni vizuri. Hakupata kazi kwa barua ya maombi. Alipata kwa mama mkwe. Katika miji hii chama cha akina mama ni ofisi ya kazi na benki pia, na anayekujulisha kwa wateja ni shemeji, wifi, jirani au mama wa kanisani. Lugha ikiwa moja, mlango hufunguka haraka zaidi. Nilimwuliza kama hujiona mgeni.

"Hapa mimi ni mke wa watu," alijibu. "Ugeni wangu huanzia mlangoni pa ofisi."

NG'OMBE HAWATOSHI

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mahari yamelipwa, ng'ombe wamefika kwa wazazi, wazee wamebariki. Machoni pa ukoo ndoa ni kamili. Lakini karani wa uhamiaji hawezi kuhesabu ng'ombe. Yeye huuliza cheti cha ndoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila, ila inataka isajiliwe, na usajili huo ulianza kupokewa mwaka 2017. Wengi hawajajisumbua. Wanaona ni karatasi tu. Kumbe karatasi hiyo ndiyo ngazi ya kwanza, na bila hiyo ngazi nyingine zote zinaning'inia hewani.

Tuzihesabu ngazi hizo. Raia wa Uganda huingia Kenya bila viza, na tangu mwaka 2014 kitambulisho cha nchi yake chatosha kuvukia. Hukubaliwa kukaa hadi miezi sita. Huko ni kuzuru, si kufanya kazi. Pasi ya mtegemezi humruhusu kuishi na mwenzake, lakini nayo si ruhusa ya kuajiriwa. Anayetaka ajira au biashara anahitaji kibali, na jambo la kufurahisha ni kwamba Kenya iliondoa ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Afrika Mashariki. Ndoa ikifikisha miaka mitatu, mke au mume wa raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikifikisha miaka saba, Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia.

Haki hiyo sasa ni ya mke na mume sawasawa. Chini ya katiba ya zamani, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuomba uraia kwa ndoa, lakini mume wa kigeni wa mwanamke Mkenya hakuwa na njia hiyo. Yule mwalimu wa Kitale angekuja miaka ya 1990, angebaki mgeni katika nyumba ya mkewe. Tena, Kenya na Uganda zote zinaruhusu uraia wa nchi mbili kwa utaratibu wake, kwa hiyo anayeandikishwa hapa halazimiki kukana kwao.

Kwa nini tunasumbuana na karatasi ikiwa cherehani inazunguka? Kwa sababu cherehani moja ina mwisho. Mama yule angependa kuajiri wasichana wawili na kuomba zabuni ya sare za shule. Angependa mkopo. Fedha za serikali, kama ule Mfuko wa Hasla ulioanzishwa mwaka 2022, hutolewa kwa mwenye kitambulisho cha Kenya. Watoto wake watatu ni raia kwa kuzaliwa, kwa kuwa baba yao ni Mkenya. Mume ni Mkenya. Nyumba nzima ni Wakenya, isipokuwa anayewapikia.

Na yako mambo ambayo watu husema kwa sauti ya chini. Mume akifariki, au nyumba ikiingia ugomvi, mwanamke asiye na cheti cha ndoa wala kibali atasimama wapi? Hapo ndipo wengine hugundua kwamba miaka yao yote ya kazi haina hata sahihi moja.

FUNZO KWA WA MJINI

Anayefikiria kumfuata mwenzake ng'ambo yoyote atayaona haya haya. Uingereza, anayeingia kwa viza ya kuwa mke au mume wa raia huruhusiwa kufanya kazi. Marekani, wake na waume wa wafanyakazi wenye viza ya H-1B walikatazwa kazi kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2015 ni baadhi yao tu wanaoweza kuomba ruhusa. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufunga sanduku si "kuna baridi kiasi gani?" bali "karatasi nitakayopewa itaniruhusu kufanya kazi?" La pili ni kama vyeti vyangu vitatambuliwa, na nianze lini kuvipeleka vikalinganishwe. La tatu, ambalo Bungoma inalijibu vizuri kuliko London, ni nani atakayenipokea na kunijulisha kwa watu.

Nilipoondoka Kanduyi, mama yule alikuwa amepanga na mumewe kwenda kwa msajili wa ndoa mwezi ujao, baada ya miaka tisa. Miaka saba ya Katiba amekwisha kuipita akiwa ameketi kwenye cherehani. Lililobaki ni cheti, na wazee wa ukoo walio tayari kushuhudia. Wazee hao wapo, na bado wanawakumbuka ng'ombe wale kwa rangi zao.

Enyi mnaooa ng'ambo ya mto, mnapowapeleka ng'ombe, ipelekeni na ndoa kwa msajili. Mkono wa mkeo utajitafutia kazi, lakini mkono mtupu mbele ya karani haulambwi.