Gorogoro ya Kufuta

Kabla sijamwona farasi, niliona mabonge. Yalikuwa yametapakaa langoni, kila moja kubwa kama yai la bata: nyasi iliyotafunwa nusu, ikazungushwa mdomoni, ikashindikana, ikatemwa. Mengine yalikuwa yamekauka, mengine bado yana mate. Nilichutama nikaokota moja nikalifumbua kwa kidole. Mashina ya nyasi mle ndani yalikuwa mazima, marefu kama yalivyong'olewa. Mlinzi aliyenifungulia lango alinitazama kama unavyomtazama mzee aliyeanza kupotewa na akili.

"Huyu hajanyimwa chakula tu," nikamwambia. "Huyu hawezi kula."

Ilikuwa Machi 2017, mwisho wa kiangazi, kwenye shamba moja upande wa barabara ya Moiben. Daktari wa mifugo aliyekwenda kuchanja ng'ombe wa jirani alikuwa ameona mifupa ikitembea ng'ambo ya ua, akanipigia simu. Alijua kwamba Eldoret nzima waliobaki wanaojua farasi kwa mikono tulikuwa wachache, na kati ya hao wachache mimi ndiye nisiyekuwa na shughuli.

Mtu wa kazi yangu, mtunza farasi, huitwa saisi. Ukilitaja neno hilo mjini siku hizi watu hudhani umetaja jina la mtu. Nilizaliwa Kipkabus, na mwaka 1979, nikiwa na miaka 17, nilikwenda Molo kuchota maji kwenye shamba la kuzalisha farasi wa mbio. Nilizoa mavi miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika hatamu. Saisi mkuu, mzee mkali mwenye vidole viwili pungufu, alikuwa akinisimamisha gizani karibu na horini wakati farasi wanakula, nisifanye lolote, nisikilize tu. Meno yana sauti, alisema. Farasi mwenye meno mazuri husaga kama jiwe la wimbi, polepole, kwa mzunguko. Mwenye meno mabovu hulamba na kuchapa, kama kibogoyo aliyepewa muwa. Kutoka Molo nilikwenda Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954, nikakaa huko mpaka magoti yalipokataa. Mwaka 2009 nilirudi nyumbani. Punda ndio walionilisha uzeeni: nilikata kwato za punda wa mikokoteni ya maji na makaa, na wenyewe walinilipa kwa walichokuwa nacho.

Farasi katika Uasin Gishu ni mgeni aliyesahauliwa na wenyeji wake. Makaburu waliotoka Afrika Kusini walipanda huku mwaka 1908 wakiongozwa na Van Rensburg, magari yao yakivutwa na maksai, na farasi wao wakija nao. Mji wenyewe ulianza kama shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo; jina la Eldoret lilikuja 1912. Ubaridi wa huku juu, zaidi ya mita 2,000, uliwafaa farasi, kwa sababu mbung'o hawapo na usubi unaoeneza ule ugonjwa wao wa kuvimba kichwa na kufa ghafla ni haba kuliko bondeni. Palikuwa na mbio hapa, na wacheza polo. Kisha trekta likaja, kisha uhuru, mashamba yakabadili mikono, na farasi akabaki hana kazi. Ng'ombe ana maziwa, punda ana mkokoteni, hata paka ana panya wake. Farasi hapa amebaki kuwa heshima, na heshima haina saa ya kulishwa.

Huyu aliitwa Kanali. Alikuwa amesimama chini ya mkrismasi, kichwa kimeshuka usawa wa magoti. Uti wa mgongo ulikuwa umechongoka kama paa la nyumba, na kwenye nyonga ungeweza kutundika koti. Kwato zilikuwa zimeota mbele zikapinda kama kanda mbili zilizokatika. Nilimpa mkono anuse, nikasubiri, kisha nikainua mdomo wake wa juu.

Umri wa farasi mzee unausoma kwenye jino la pembeni la mbele, taya la juu. Lina mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia ambao watu wa vitabu huuita kwa jina la Galvayne. Huchomoza kwenye ufizi akiwa na miaka kama 10, humaliza urefu wa jino akifika 20, halafu huanza kufutika kutoka juu. Wa Kanali ulikuwa umefutika nusu. Nikakisia miaka 25, na mwenye shamba aliponiambia baadaye kwamba walimnunua kwa ajili ya watoto mwaka 1998 akiwa na miaka sita hivi, nilifurahi kwa siri kama mtoto aliyepata hesabu sawa. Nikaingiza vidole upande wa magego, kwa uangalifu. Jino la farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote, na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo za nje hubaki bila kusagwa, zikawa kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Ndani ya shavu lake palikuwa na vidonda viwili. Kila alipotafuna alijikata. Dawa yake ni tupa na mtu wa kuishika, mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa amemshikia tupa tangu watoto walipokwenda kusoma ng'ambo.

Mtu asiyejua angesema mletee gunia la mahindi. Hapo ndipo farasi wengi walioponea njaa huuawa na huruma. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umebadili namna ya kuishi, unakula misuli yake wenyewe. Ukiumwagia wanga ghafla, chumvi muhimu za damu huporomoka, na ndani ya siku chache moyo hushindwa. Tena farasi hawezi kutapika, kikishaingia kimeingia. Daktari na mimi tulikubaliana: majani ya lusini, yakatwe vipande, yalowekwe maji mpaka yawe laini, nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, siku tatu za kwanza. Baada ya hapo tungeongeza kidogo kidogo mpaka siku ya kumi. Maji na chumvi apate apendavyo.

Mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na gorogoro, mkebe uleule wa kilo mbili unaopimia mahindi sokoni. Nilijaza lusini kavu nikaishindilia kwa ngumi, nikaenda kuipima dukani: karibu nusu kilo. Nikachonga kijiti cha kufutia. Kila aliyewahi kununua mahindi anajua kwamba muuzaji mwema ni yule anayeacha kichuguu juu ya gorogoro, na mchoyo ndiye anayefuta. Mimi nilimwambia mlinzi na mkewe kwamba kwa Kanali tutakuwa wachoyo. Kufuta, na kinachomwagika kirudi guniani.

Mlinzi aliitikia. Mkewe hakusema kitu.

Siku ya nne alfajiri nilipigiwa simu. Nilifika kwa bodaboda mvua za kwanza zikinyesha, nikamkuta Kanali akitazama ubavu wake, akijipiga teke tumboni, akikunja magoti akitaka kujigaragaza. Niliweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma saa zote kama maji ndani ya mtungi unaobebwa. Hili lilikuwa kimya. Ndoo ilikuwa imepinduliwa pembeni, na matopeni mlikuwa na punje za mahindi yaliyopondwa.

Daktari alichelewa kwa sababu ya tope. Tulimtembeza Kanali, mlinzi na mimi kwa zamu, kutoka mkrismasi hadi tangi la maji na kurudi, koti langu likiwa mgongoni mwake. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nilimmwagia mke wa mlinzi, maana alikuwa amekiri bila kuulizwa. Gorogoro mbili za mahindi, usiku, na kichuguu juu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni kama inavyompasa mtu anayesema na mzee: "Wewe umekuja na kipimo juzi. Mimi nimekaa naye miaka minne. Alikuwa akigonga ndoo usiku kucha. Unadhani amekuwa akiishi na nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Farasi asiyeweza kutafuna nyasi, kwenye shamba ambalo pesa za chakula zililetwa mwezi huu zikasahauliwa miezi mitatu, alikuwa ameishi na nini? Uji. Kila asubuhi, ukoko wa sufuria na uji uliobaki, ukizimuliwa kwa maji baridi ndani ya beseni la kufulia. Aliona mabonge langoni zamani kabla yangu, akaelewa bila kuwahi kusikia habari za Galvayne, akampikia kama anavyopikiwa bibi asiye na meno. Mshahara wa mumewe nao ulikuwa ukichelewa. Uji ule ulitoka kwenye unga wa watoto.

Daktari alifika saa mbili, akamdunga sindano ya maumivu, akampitishia mpira puani hadi tumboni na kummiminia mafuta. Karibu saa sita mchana Kanali aliinua mkia akatoa mavi saba, madogo, makavu, na watu wazima wanne tukashangilia mavi kama goli la Gor Mahia. Nilimwomba yule mama radhi mbele ya mumewe. Akasema nisijali, akaenda kuandaa lusini. Tangu siku hiyo kipimo kilikuwa chake.

Wiki ya tatu, alipopata nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi, daktari alimpiga tupa. Kifaa cha chuma kilimkenua mdomo, nami nikashikilia kile kichwa kizito begani, pumzi yenye harufu ya vidonda ikinipiga usoni, unga mweupe wa jino ukinimwagikia shatini. Kwato nilizikata mwenyewe, kwa awamu, maana ukirudisha kwato ndefu kwa siku moja unamvunja kano.

Kuna walioniambia niende polisi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaja waziwazi anayemnyima mnyama chakula. Pia alikuja dalali aliyekuwa akikusanya punda. Machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa Naivasha na Mogotio, bei imepanda, na aliamini kwamba farasi ni punda mrefu tu. Mlinzi alimfukuza kwa rungu. Polisi sikwenda. Nilimpigia mwenye shamba Nairobi nikamwambia, "Mkubwa, njoo umwone mwenyewe, halafu utaniambia nifanye nini." Nilijua nikimpeleka mahakamani atalipa faini na farasi atauzwa, na sikuwa na mahali pa kumweka.

Alikuja Jumamosi moja ya Mei. Nilikuwa nimejiandalia shetani, nikaletewa mwanamume mwenye kitambi aliyeshuka kwenye gari akasimama mbali, mikono mfukoni, haoni pa kuanzia. Kanali wakati huo alikuwa tayari amerudisha nyama kidogo, na bado yule bwana alikwepa kumtazama.

"Nilikuwa natuma pesa," alisema.

"Zilikuwa zinafika, mkubwa?"

Akanyamaza. Baadaye akaniambia kwamba tangu watoto waondoke hakuwa akipenda kuja huku, nyumba ilimtia upweke. Nilimwelewa, na bado sikumsamehe. Mtu anaweza kuwa na huzuni yake na bado akapanga nani wa kuleta nyasi. Nilimpa hesabu yangu niliyoandika kwenye karatasi ya daftari: lusini, daktari, dawa ya minyoo, bodaboda. Chini kabisa niliandika unga wa uji, miaka minne. Aliuliza hiyo ni nini. Nikamwonyesha mke wa mlinzi, nikaondoka niwaache waongee. Nasikia alilipa. Ninachojua kwa macho yangu ni kwamba mshahara uliongezwa, na jina kwenye risiti za chakula likawa la yule mama.

Kanali aliishi miaka mitatu mingine. Hakupandwa tena na mtu. Mara ya mwisho niliyokwenda akiwa hai ilikuwa Desemba 2019, nikiwa na tupa yangu na kisu cha kwato. Langoni niliangalia chini kwa mazoea. Palikuwa na bonge moja tu, la zamani. Yule mama alikuwa amechutama kando ya ndoo akichanganya pumba na lusini iliyolowa, na Kanali amesimama nyuma yake amemwekea kidevu begani, mate yakimdondokea leso. Gorogoro ilikuwa ileile, imepata kutu ukingoni. Nilimwona amezeeka sana yule farasi, mashimo juu ya macho yameingia ndani, nikaona haya kumnyima. Nikachota konzi moja ya pumba nikaiongeza juu ya kipimo, kikawa na kichuguu.

Mama alinishika mkono. Akachukua kile kijiti, akakipitisha juu ya gorogoro, pumba ikarudi guniani.

"Mzee," akasema, "si ulisema ya kufuta?"