Kabla ya Kununua Mashine ya Upepo

Mimi ni fundi wa baisikeli. Kibanda changu kipo uani kwangu, hapa Chumbageni, mjini Tanga. Mji wetu ni tambarare na baisikeli ni nyingi, kwa hiyo kazi ipo. Kwa miaka mingi nilijaza matairi kwa pampu ya mkono. Sasa mabega yanauma, na pikipiki nazo zimeongezeka. Niliweka akiba ili ninunue mashine ya kushindilia upepo, ambayo mafundi huiita kompresa. Huenda nawe una mpango kama huo. Basi sikiliza.

Swali la kwanza si bei. Jiulize: utaifanyia kazi gani?

Kujaza matairi ni kazi ndogo. Tairi la pikipiki hutosheka na baa 2 au zaidi kidogo. Mashine nyingi ndogo hufika baa 8. Hata yenye tangi la lita 24 yafaa.

Kupuliza rangi ni kazi nyingine. Bomba la rangi laweza kula lita 200 za upepo kwa dakika. Tupige hesabu. Chukua tangi la lita 50. Upepo ukishuka kutoka baa 8 hadi baa 6, umetumia 50 mara 2, yaani lita 100. Bomba litazimaliza kwa nusu dakika. Baada ya hapo unategemea mota. Kama mota inaleta lita 100 tu kwa dakika, utasimama kila mara kungoja, na rangi itatoka mabakamabaka. Kumbuka pia kwamba lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za upepo unaovutwa ndani. Unaotoka ni mchache zaidi.

Swali la pili ni umeme. Mota ya nguvu za farasi 2 hutumia kama wati 1,500. Ikizunguka saa moja mfululizo, inakula yuniti moja na nusu. Inapowaka huvuta umeme mwingi zaidi kwa kitambo kidogo. Usiichomeke kwenye waya mwembamba.

Swali la tatu ni tangi, na hili ni la uhai. Nilionyeshwa mashine kuukuu, kubwa, kwa nusu ya bei. Chini ya tangi palikuwa na kiraka cha kulehemu kilichopakwa rangi mpya. Muuzaji akasema, "Mzee, hii utawarithisha wajukuu." Mwanangu aliitaka sana, maana rangi za pikipiki zina fedha. Ni kweli, zina fedha. Lakini wajukuu hao ndio wanaocheza pale uani.

Baa 8 maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya mraba ya tangi inasukumwa kwa uzito wa kilo 8 hivi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Ukiishindilia, maji hujitenga na kutuama chini ya tangi. Kutu hula chuma kutoka ndani, usione. Tangi lililooza likipasuka, hupasuka kama bomu.

Nilimshukuru muuzaji, nikaondoka. Nilinunua mpya ya lita 50, yenye mota ya farasi 2. Kazi za rangi tumewaachia wenye mashine kubwa.

Ukiwa nayo, kila jioni zima mota, punguza upepo, kisha fungua koki ya chini maji yatoke. Usiifunge kamwe vali ya usalama kwa waya. Usimwelekezee mtu upepo, hata kwa mzaha. Waweza kupasua jicho au sikio.

Ukienda dukani, chukua kalamu na karatasi. Andika lita za tangi, lita zinazotoka kwa dakika, baa na wati. Inama, utazame chini ya tangi. Piga hesabu yako mwenyewe, ndipo utoe fedha.